Sakafu Kabla ya Ukuta

Mtoto mchanga anayeachwa katika kituo cha kulelea watoto mchana hutumia sehemu kubwa ya saa zake za kuwa macho akiwa chini: juu ya mkeka, godoro jembamba au zulia la plastiki. Kutokea hapo, chumba anachokiona yeye si kile anachokiona mzazi aliyesimama mlangoni. Mzazi huona ukuta uliochorwa herufi, namba, twiga na katuni. Mtoto wa miezi minne huona dari, waya wa taa, nyayo za mlezi zikipita, na mara chache uso ukimwinamia. Fedha nyingi za vituo vya mijini, Dar es Salaam na Nairobi pia, huishia kwenye ukuta huo, kwa sababu ukuta ndio unaomshawishi mlipaji. Ni fedha iliyopotea njia. Nafasi ya kujifunzia ya mtoto wa chini ya miezi 18 hujengwa kuanzia sakafuni kwenda juu, na samani yake ya kwanza ni mtu mzima aliyekaa chini. Kituo kilichokosa viwili hivyo hakiwezi kufidia kwa rangi.

Neno “kujifunza” limefungamana mno na daftari, ndiyo maana walezi wengi husema mtoto wa umri huu “hajui kitu bado” na kazi yao ni kumlisha, kumsafisha na kumlaza. Lakini mtoto huanza kazi tangu siku ya kuzaliwa, kwa viungo alivyonavyo. Macho yake huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ni takriban umbali kati ya titi na uso wa anayemnyonyesha. Katika wiki za mwanzo, picha iliyo ukutani mita mbili kutoka kwake ni ukungu mtupu. Kufikia miezi minne hivi hutofautisha rangi vizuri na kufuata kwa macho kitu kinachosogea, ila hata hapo kinachomvuta zaidi ni uso unaobadilika kwa kumjibu yeye. Masikio hutangulia macho: mtoto husikia akiwa bado tumboni, na huzaliwa akiitambua sauti ya mama yake. Upungufu wake ni katika kuchuja. Mtu mzima anaweza kufuata mazungumzo katikati ya soko la Kariakoo na kuzipuuza kelele nyingine zote. Mtoto mchanga bado hana uwezo huo. Redio inayolia kutwa humfunikia maneno anayosemeshwa, na mvua juu ya bati lisilo na dari humfunikia yote. Chumba kitulivu, basi, ni kifaa cha kufundishia lugha, na ni kifaa kisichonunuliwa dukani.

Kuhusu mwili, mmoja wa ushahidi bora wa jinsi mazingira yanavyofundisha ulipatikana Kenya. Watafiti wa awali, akiwamo Marcelle Geber aliyefanya kazi Uganda katika miaka ya 1950, walikuwa wameona watoto wa Kiafrika wakiwatangulia wa Ulaya katika mambo ya viungo, na baadhi ya wasomaji wao wakadhani ni suala la damu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliwafuatilia watoto wa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, magharibi mwa Kenya, akaona lingine. Watoto hao waliketi, wakasimama na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Sababu ilikuwa mazoezi. Mama wa Kokwet alimchimbia mtoto kishimo kifupi ardhini, akamketisha humo huku ameegemezwa kwa nguo, siku baada ya siku, na baadaye akamshika mikono kumfundisha hatua; hata lugha ya Kikipsigis ina maneno yake ya mafunzo hayo. Kutambaa hakukuwa na mwalimu wala uwanja, kwani mtoto hakulazwa chini mara nyingi. Mtoto hukomaa haraka katika lile analopewa nafasi ya kulifanya, na hubaki nyuma katika lile alilonyimwa nafasi, hata awe na afya ya chuma.

Emmi Pikler, daktari wa watoto aliyeanzisha makao ya yatima katika mtaa wa Lóczy mjini Budapest mwaka 1946, alishika njia iliyo kinyume kabisa. Kwake mtoto hakuketishwa kabla hajaweza kuketi mwenyewe. Alilazwa chali mahali imara penye nafasi, akaachwa ajigeuze, ajivute, atambae na asimame dede kwa wakati wake. Mtu anaweza kubishana hadi usiku juu ya nani kati ya hawa wawili ana haki. Kwa kituo, la maana zaidi ni kwamba wote wanampa mtoto ardhi, muda na jicho la mtu, na hakuna anayemfunga kwenye kiti. Pamoja na hayo, mama wa Kokwet alikuwa na mtoto mmoja wa kumketisha, ilhali mlezi wa kituo ana wengi. Kwa hiyo njia ya Pikler ndiyo inayotekelezeka zaidi pale ambapo mikono ni michache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaelekea huko huko: mtoto asiyeanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya angalau dakika 30 kwa siku zilizogawanywa vipindi vifupi, na asizuiwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kigari, kiti au mgongoni.

Hilo la mgongoni huwaudhi wengi, na inafaa lisielezwe kwa pupa. Mbeleko haina ubaya. Mtoto aliyebebwa husikia mazungumzo, huona dunia kwa kimo cha mtu mzima na huhisi mwendo wa anayembeba. Tatizo huanza pale mlezi anapombeba mtoto mmoja asubuhi nzima kwa sababu sakafu haina mahali salama pa kumshusha. Hapo mbeleko imegeuka kiraka cha chumba kibovu.

Mikono huja baada ya shingo na mgongo kupata nguvu, na ndipo somo la vitu linapoanza. Mwanasaikolojia Jean Piaget, aliyewatazama wanawe watatu kwa makini, alieleza namna mtoto anavyoangusha kitu, akakitazama, akakiangusha tena kwa namna nyingine. Mlezi aliyechoka huuita mchezo huo utundu, kumbe mtoto anapima: je, kijiko huanguka kila mara? Hulia vipi kikigonga simiti, na vipi kikigonga mkeka? Elinor Goldschmied, Mwingereza aliyefanya kazi na watoto nchini Italia baada ya Vita Kuu ya Pili, aliijengea hali hiyo kifaa rahisi alichokiita kikapu cha hazina: kikapu kipana, kifupi, imara, kilichojaa vitu vya kawaida vya nyumbani visivyo vya plastiki, kinachowekwa mbele ya mtoto anayeweza kuketi lakini hajaanza kutambaa. Mtu mzima hukaa karibu, hamfundishi, hamchagulii, huwapo tu. Plastiki iliachwa kwa sababu vitu vyake vyote vina uzito mmoja, ladha moja na ngozi moja, na mdomo wa mtoto, ambao ndio chombo chake kikuu cha uchunguzi, haupati habari mpya.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kikapu hicho hakihitaji kuagizwa kutoka ng’ambo. Kifuu kilichosuguliwa kingo, mwiko, upawa, kata ndogo, dodoki, kawa, kung’uto, kikombe cha bati, mfuniko wa sufuria, limau zima, kipande cha kanga na kingine cha kitenge: kila kimoja kina baridi, uzito, harufu na sauti yake. Wapo wenye vituo wanaoona aibu kuweka vyombo vya jikoni mbele ya mtoto wa mteja, wakahisi vitaonekana vya kimaskini karibu na vikaragosi vya betri. Aibu hiyo inamgharimu mtoto. Kikaragosi kinachoimba kwa kubonyezwa hufanya jambo moja na hulifanya chenyewe. Kifuu hakifanyi lolote mpaka mtoto afanye. Sharti ni usalama: kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya bomba la karatasi ya chooni ni kidogo mno na kinaweza kumkaba, kamba isiwe ndefu kiasi cha kumzunguka shingoni, na mbao iliyochanika itupwe siku hiyo hiyo.

Vitu hivi vyote, hata hivyo, havina kazi kwa mtoto mwenye hofu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliliona hilo Uganda, alipozitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, utafiti alioutoa kama kitabu mwaka 1967. Aliwaona watoto wakijisogeza mbali na mama kuchunguza chumba, wakageuka kumtazama, wakarudi kumgusa, kisha wakaondoka tena. Mama alikuwa kituo cha safari. Nadharia ya mtu wa karibu kama ngome ya mtoto, inayofundishwa leo katika vyuo vya dunia nzima, ina mizizi yake katika sebule hizo za Buganda. Kwa upande wa kupanga chumba, maana yake ni ya moja kwa moja: lazima ngome iwe mahali panapofikika. Mlezi aliyekaa kwenye kiti kirefu mlangoni, au anayezunguka jikoni na kurudi, si ngome kwa mtoto anayetambaa. Mlezi aliyekaa mkekani, mgongo ukiegemea ukuta na miguu imenyooshwa, huwavuta watoto bila kuwaita, na pale alipo ndipo mchezo unapohamia. Anapobadilishwa kila wiki, ngome nayo hubomoka. Ndiyo sababu Goldschmied alisisitiza kila mtoto awe na mlezi wake anayejulikana, atakayemlisha, kumbadilisha nepi na kumpokea asubuhi.

Kubadilisha nepi kwenyewe ni somo, ingawa hakuna kituo kinacholiorodhesha katika ratiba ya masomo. Ni dakika chache ambapo mtoto ana uso wa mtu mmoja, kwa umbali anaouona vizuri, bila mshindani. Mlezi anayesema anachofanya, akangoja mguu uinuliwe, akajibu mlio kwa mlio, huwa amefanya mazungumzo kamili. Na ayafanye kwa lugha aliyoizoea, iwe Kiswahili, Kisukuma au Kikamba. Kiingereza cha kubabaisha, kinachotolewa kumridhisha mzazi, huwa kifupi, cha amri tupu, na hakina utani ndani yake.

Televisheni ndiyo hoja ya kwanza ya wapinzani wa njia hii. Husemwa kwamba nyimbo za watoto zinazorushwa kwenye skrini zinafundisha maneno, na kweli watoto hutulia zikiwashwa. Lakini skrini haingoji zamu ya mtoto. Haioni kwamba amegeuza uso kwa kuchoka, wala haijibu anapobwabwaja. Shirika la Afya Duniani halipendekezi skrini hata kidogo kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na msimamo ni huo huo kwa wa mwaka mmoja. Athari nyingine husahaulika: televisheni iliyowashwa humnyamazisha mtu mzima. Mlezi anayetazama tamthilia husema maneno machache, na mtoto hupoteza mara mbili.

Hoja ya pili ni kigari cha kujifunzia kutembea, kile cha magurudumu ambacho mtoto huning’inizwa katikati. Kinauzwa kwa jina la mafunzo, na vituo hukipenda kwa kuwa kinamshughulisha mtoto. Hakimfundishi kutembea, kinamnyima kuiona miguu yake, kinamzoesha kusukuma kwa vidole, na kinampa mwendo wa kasi unaomfikisha kwenye ngazi au jiko kabla mtu hajanyanyuka. Kanada ilipiga marufuku kuviuza na kuviingiza nchini mwaka 2004. Upau wa mbao uliopigiliwa ukutani kwa kimo cha kifua cha mtoto hugharimu kidogo kuliko kigari kimoja, huwahudumia watoto kadhaa kwa pamoja, na humruhusu kila mmoja kusimama dede, kuyumba, kuketi kwa kishindo na kuanza upya.

Hoja ya tatu ina uzito kuliko zote: sakafu ni chafu. Mzazi anayekijua kipindupindu cha mtaani kwake, au aliyemwona mtoto akisumbuliwa na minyoo, hawezi kuambiwa tu kwamba mtoto anahitaji uhuru. Jibu si kumnyanyua mtoto, bali ni kuihamisha sakafu kutoka katika eneo la viatu. Nyumba nyingi za pwani zilishalitatua hilo zamani: viatu hubaki mlangoni. Eneo la watoto wachanga liwe na mpaka unaoonekana, hata kama ni ubao mmoja uliolazwa, na asivuke mtu na kiatu, awe mzazi, mwenye kituo au mgeni rasmi. Sakafu ifutwe kwa maji na sabuni kabla ya watoto kufika na baada ya kula, mikeka ianikwe juani, vyombo vya kikapu vioshwe kila jioni, na mlezi aoshe mikono kila baada ya nepi. Pahali pa nepi pawe mbali na pa chakula. Gharama yake ni maji, na katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa ndoo hilo si jambo dogo. Bado ni afadhali bajeti ya rangi ya ukuta iende huko.

Mpangilio wa chumba unaofuata kutoka hapo hauhitaji eneo kubwa, unahitaji mgawanyo. Wasioweza kujisogeza wawe na kona yao, iliyokingwa kwa mito mirefu au magogo yaliyofunikwa kitambaa, wasikanyagwe na wanaotambaa. Wanaotambaa wapewe kitu cha kupanda, kama godoro lililokunjwa au ngazi ya hatua mbili, na kitu cha kuingia ndani, kama boksi kubwa lililokatwa mlango. Kwa mtoto wa miezi minane, anayeanza kujua kwamba kitu kilichofichwa bado kipo, boksi na kanga vinatosha kwa michezo ya wiki nzima. Kioo kisichovunjika kifungwe ukutani hadi chini kabisa. Mtoto hatajitambua humo mpaka karibu miezi 18, ila atakutana na uso unaosogea kila anaposogea yeye. Picha nazo zishushwe hadi kimo cha anayetambaa, chache, zikiwa za watu halisi wanaojulikana: mama, bibi, mlezi. Vitu vitolewe vichache kwa wakati na kubadilishwa baada ya siku kadhaa, kwani lundo humfanya mtoto arushe kila kitu bila kuchunguza kimoja. Mahali pa kulala pawe pembeni lakini pakionekana, magodoro yawe magumu kiasi, yasiwe na mito, na mtoto alazwe chali. Na kiwepo kigoda kimoja mahali pa faragha kwa mama anayekuja mchana kunyonyesha. Bila hicho wengi huacha kuja.

Nje isisahaulike. Mkeka chini ya mwembe, asubuhi kabla jua halijawa kali, una vivuli vinavyocheza, upepo, kuku wanaopita na majani ya kushika. Hatari za uani ni za kawaida na zinajulikana: ndoo iliyoachwa na maji, kwani hata maji ya kina cha sentimita chache yanaweza kumzamisha mtoto, jiko la mkaa, na mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda.

Yote haya husimama au kuanguka kwa idadi ya mikono. Nchini Uingereza, upande wa England, sheria hudai mtu mzima mmoja kwa watoto watatu wa chini ya miaka miwili. Chama cha wataalamu wa elimu ya awali cha Marekani hupendekeza mmoja kwa wanne walio wachanga. Kituo cha uswahilini kinachotoza ada ndogo ya siku hakiwezi kufikia viwango hivyo bila msaada, na kukituhumu kwa ufisadi au uzembe si haki. Kinachowezekana mara moja ni kumwondolea mlezi kazi ya kupika na kufua wakati watoto wako macho, maana uwiano ulioandikwa ukutani hauna maana ikiwa mmoja wa wawili yuko jikoni.

Tanzania ina nyenzo za kisera. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imeuweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Ugumu uko kwenye kutafsiri maneno hayo kuwa kitu ambacho afisa ustawi wa jamii anaweza kukikagua kwa nusu saa. Madirisha, vyoo na vizimamoto huhesabika kwa urahisi, kwa hiyo ndivyo vinavyohesabiwa. Kwa chumba cha watoto wachanga zingeongezwa safu mbili tu kwenye fomu: mita za mraba za sakafu safi ambazo mtoto anazifikia bila kizuizi, na muda mrefu zaidi ambao mtoto mmoja alikaa amefungwa, kwenye kiti au mgongoni, siku hiyo ya ukaguzi.